Pipi, Mizani na Isotopi: Namna ya Kutafuta Wastani wa Masi ya Atomu Mezani Kwako

Anayeanza kemia akifika kwenye jedwali la elementi na kuona klorini imeandikwa 35.45, huuliza swali lile lile: protoni ni nzima, nyutroni ni nzima, hiyo 0.45 imetoka wapi? Kuna nyutroni iliyokatwa vipande? Akishaambiwa kwamba klorini ina isotopi mbili, ya 35 na ya 37, huuliza la pili: mbona basi jibu si 36? La tatu hufuata fomula ikishaandikwa ubaoni: kwa nini tunazidisha kwanza na asilimia ndipo tujumlishe?

Maswali yote matatu yana jibu moja, na jibu hilo hueleweka haraka zaidi kwa mizani na mfuko wa pipi kuliko kwa kurudia maelezo ya kitabuni. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi anayejisomea, mwalimu mwenye darasa, au mzazi anayemsaidia mtoto na kazi ya nyumbani. Fuata hatua kwa mpangilio. Usiruke hatua ya kukisia wala ya kuhakiki. Hizo mbili ndizo watu huziruka, na hizo ndizo zinazofundisha zaidi.

Nadharia, kwa ufupi

Atomu zote za elementi moja zina idadi moja ya protoni. Klorini ni klorini kwa sababu ina protoni 17. Nyutroni ndizo zinazoweza kupishana: klorini-35 ina nyutroni 18, klorini-37 ina nyutroni 20. Atomu za elementi moja zinazopishana namna hiyo ndizo tunazoziita isotopi. Masi ya atomu unayoiona kwenye jedwali ni wastani wa atomu za elementi hiyo kama zinavyopatikana katika maumbile, kila isotopi ikichangia kwa kadiri ya wingi wake.

Katika kielelezo chetu pipi moja ni atomu moja, aina ya pipi ni isotopi, na mfuko mzima ni sampuli ya elementi. Elementi yetu tuiite Pipiamu, alama yake Pp.

Vitu vya kuandaa

- Pipi za aina tatu zenye masi zinazopishana waziwazi. Pipi za chokoleti zenye ganda gumu la rangi zinafaa sana, kwa sababu hutengenezwa kwa ukubwa mbalimbali na nyingine huwa na karanga ndani. Vipande 40 hadi 60 vinatosha kwa mtu mmoja au kikundi kimoja.
- Mizani ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.1. Ukiwa nayo ya 0.01, vizuri zaidi.
- Kikombe chepesi au kibakuli cha kupimia.
- Karatasi safi za kutengea pipi, kalamu na kikokotoo.
- Mfuko usioonyesha ndani.

Kama pipi hazipatikani au huzitaki, tumia shanga, vifungo vya nguo au nati za bolti za ukubwa wa aina tatu. Hesabu haibadiliki hata kidogo.

Mambo mawili ya usalama. Kwanza, uliza kama kuna mwenye mzio wa karanga kabla hujafungua pakiti yoyote. Akiwepo, tumia shanga bila majadiliano. Pili, pipi za jaribio haziliwi. Zimeshikwa na mikono mingi, na kama mko maabara, hakuna kinachoingia mdomoni humo ndani. Unayetaka kuwapa watu pipi, weka pakiti nyingine pembeni na uigawe nje kazi ikiisha.

Chagua pipi kwa uangalifu, maana hapa ndipo jaribio hufa kabla halijaanza. Watu wengi hununua pakiti moja ya pipi za rangi mbalimbali, wanazitenga nyekundu, njano na kijani, kisha wanashangaa kuona zote zina masi ile ile. Rangi ni ya ganda tu. Isotopi lazima zipishane kwa masi, kwa hiyo pipi zako lazima zipishane kwa masi.

Hatua

1. Andaa mchanganyiko. Weka aina tatu kwa viwango visivyolingana: nyingi ziwe za aina moja, chache za aina ya pili, kidogo kabisa za aina ya tatu. Ukiweka sawa kwa sawa, wastani wa kawaida na wastani unaozingatia wingi vitatoa jibu moja, na somo lote litapotea. Kama unajisomea peke yako, mwombe mtu mwingine akujazie mfuko bila kukuambia idadi.

Kwa darasa, changanya zote kwenye beseni moja kubwa na kila kikundi kichote chake bila kuangalia. Usilitikise beseni. Ukilitikisa, pipi kubwa hupanda juu na ndogo huzama chini, na kikundi cha kwanza kitaondoka na kubwa zote. Koroga kwa mkono au kwa upawa, ukitoa za chini kuleta juu, na urudie kabla ya kila kikundi kuchota.

2. Mwaga na utenge. Mwaga mfuko wako juu ya karatasi na utenge pipi kwa aina. Rangi zipuuze kabisa: ndogo nyekundu na ndogo ya bluu ni isotopi moja. Pipi iliyovunjika itoe, na uandike kwamba umeitoa. Hakuna nusu ya atomu katika jaribio hili.

3. Hesabu kila aina. Hesabu mara mbili. Zikipishana, hesabu ya tatu. Kosa la pipi moja katika kundi la pipi sita ni kubwa kuliko kosa lolote la mizani.

4. Pima kundi zima, si pipi moja moja. Weka kikombe kitupu juu ya mizani, bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri, kisha mimina kundi zima la aina moja. Andika gramu. Toa pipi, hakikisha mizani imerudi sifuri na kikombe kikiwa juu yake, ndipo uweke kundi linalofuata.

Sababu ya kupima kundi ni hii. Mizani ya gramu 0.1 inaweza kukosea hadi gramu 0.05 kila inaposoma. Kwa pipi moja yenye kama gramu 0.9, hilo ni kosa la zaidi ya asilimia 5. Ukipima pipi 29 kwa pamoja, kosa lile lile la gramu 0.05 linagawanywa kwa 29, na kila pipi inabeba chini ya gramu 0.002. Mizani haikubadilika, umebadilisha namna ya kuitumia.

5. Tafuta masi ya pipi moja ya kila aina. Gawanya masi ya kundi kwa idadi yake. Weka desimali tatu na usizikate kwa sasa.

6. Tafuta wingi wa kila aina. Gawanya idadi ya aina hiyo kwa idadi ya pipi zote. Jibu ni desimali, mfano 0.6042. Ukiizidisha kwa 100 unapata asilimia. Jumla ya asilimia zote lazima iwe 100, au ipishane nayo kidogo sana kwa sababu ya kukadiria.

Huu hapa mfano kamili wa mfuko wenye pipi 48:

| Isotopi | Idadi | Masi ya kundi (g) | Masi ya pipi moja (g) | Wingi |
|---|---|---|---|---|
| Pp ndogo | 29 | 26.4 | 0.910 | 0.6042 |
| Pp ya kati | 13 | 16.1 | 1.238 | 0.2708 |
| Pp kubwa | 6 | 14.6 | 2.433 | 0.1250 |
| Jumla | 48 | 57.1 | | 1.0000 |

7. Kisia kabla ya kukokotoa. Funga kikokotoo. Angalia jedwali lako na uandike namba moja unayodhani ndiyo wastani. Usiogope kukosea, ila toa sababu. Katika mfano wetu pipi nyepesi kabisa ina gramu 0.910 na nzito kabisa ina 2.433. Katikati ya hizo ni kama 1.67. Je, wastani utakuwa hapo katikati? Hapana. Sita kati ya kila pipi kumi ni ndogo, kwa hiyo zitauvuta wastani upande wao. Aliyekisia 1.1 au 1.3 ameshaelewa jambo, hata kabla ya kuzidisha chochote.

8. Zidisha, kisha jumlisha. Kwa kila isotopi, zidisha masi ya pipi moja kwa wingi wake:

Ndogo: 0.910 × 0.6042 = 0.5498
Ya kati: 1.238 × 0.2708 = 0.3353
Kubwa: 2.433 × 0.1250 = 0.3041

Jumlisha: 0.5498 + 0.3353 + 0.3041 = 1.1892. Sasa ndipo ukadirie: wastani wa masi ya Pipiamu ni gramu 1.19.

Tazama kile kila mstari unachosema. Pipi kubwa ina masi zaidi ya mara mbili na nusu ya ndogo, lakini mchango wake kwenye wastani ni mdogo kuliko wa ndogo, kwa sababu ni chache. Ya kati ni nyepesi karibu nusu ya kubwa, na bado imechangia zaidi yake. Masi na wingi vinafanya kazi pamoja. Kimoja peke yake hakikuambii lolote.

9. Hakiki kwa njia ya mkato. Mimina pipi zote 48 kwenye kikombe, pima, gawanya kwa 48. Katika mfano wetu: 57.1 ÷ 48 = 1.1896, yaani 1.19. Majibu mawili yamekutana. Tofauti ya 0.0004 imeletwa na kukadiria desimali katika hatua ya 5 na ya 6.

Sasa jaribu njia mbovu kwa makusudi. Jumlisha masi tatu na ugawanye kwa tatu: (0.910 + 1.238 + 2.433) ÷ 3 = 1.527. Ingekuwa kweli, pipi 48 zingekuwa na gramu 73.3. Ziko mbele yako juu ya mizani, na zina 57.1. Hakuna maelezo ya mwalimu yanayoweza kumshawishi mwanafunzi kama hilo. Kugawanya kwa tatu ni kudai kwamba aina tatu ziko sawa kwa sawa, na haziko hivyo.

10. Itafute pipi ya wastani. Chagua pipi moja moja ujaribu kupata yenye gramu 1.19. Ndogo ziko kwenye 0.9, za kati kwenye 1.24, kubwa kwenye 2.4. Wastani ni sifa ya mfuko mzima, wala si lazima uwe sifa ya pipi yoyote iliyomo. Hapo ndipo lilipo jibu la swali la kwanza kabisa: hakuna atomu ya klorini yenye masi 35.45, na hakuna nyutroni iliyokatwa.

Kwa nini wanakemia hawatumii njia ya mkato

Swali hili huja mara tu baada ya hatua ya 9, nalo ni swali zuri. Kama kupima zote na kugawanya kunatosha, hatua ya 5 hadi ya 8 za nini?

Mkato unahitaji ujue idadi ya pipi. Pipi 48 zinahesabika. Atomu kwenye moli moja, kipimo cha wingi wanachotumia wanakemia, ni 6.022 × 10²³. Hakuna anayekaa kuzihesabu moja moja. Kile ambacho wanasayansi huweza kukipata moja kwa moja ni safu mbili za jedwali letu: masi ya kila isotopi na wingi wake. Chombo kinachozitoa kinaitwa spektromita ya masi. Atomu hutiwa chaji zikawa ayoni, zikarushwa kwa kasi, kisha zikapitishwa kwenye uga wa sumaku. Ayoni nyepesi hupinda zaidi na nzito hupinda kidogo, kwa hiyo kila isotopi hufika mahali pake na kuhesabiwa kwa kadiri inavyofika. Kimsingi ndiyo hatua ya pili na ya tatu ya mwongozo huu. Francis Aston alijenga chombo cha namna hiyo huko Cambridge mwaka 1919 na akaonyesha kwamba neoni ya kawaida ni mchanganyiko wa isotopi za masi 20 na 22. Mwaka 1922 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Kutoka Pipiamu hadi elementi halisi

Usifunge daftari kabla hujafanya angalau elementi moja ya kweli kwa utaratibu ule ule. Anza na klorini. Masi sasa ziko katika vitengo vya masi ya atomu, alama u, na si gramu.

Klorini-35: 34.969 × 0.7576 = 26.4925
Klorini-37: 36.966 × 0.2424 = 8.9606
Jumla: 35.453

Hiyo ndiyo 35.45 ya kwenye jedwali. Kwa nini si 36? Kwa sababu ile ile iliyofanya Pipiamu isiwe 1.527: robo tatu ya atomu za klorini ni zile nyepesi.

Angalia pia kwamba nimetumia 34.969, si 35. Namba 35 ni hesabu ya protoni na nyutroni, nayo huwa nzima daima. Masi halisi iliyopimwa huwa na desimali, na ni kaboni-12 pekee ambayo masi yake ni 12 kamili, kwa kuwa kipimo chenyewe kimejengwa juu yake tangu 1961. Ukitumia 35 na 37 utapata 35.48. Kwa zoezi la mwanzo si vibaya, lakini usishangae desimali ya pili ikikataa kulingana na jedwali.

Baada ya klorini, jaribu magnesiamu, kwa sababu ina isotopi tatu kama mfuko wetu: magnesiamu-24 (23.985 u, asilimia 78.99), magnesiamu-25 (24.986 u, asilimia 10.00) na magnesiamu-26 (25.983 u, asilimia 11.01). Ukifanya sawasawa utafika 24.31 au karibu yake kabisa.

Bromini nayo ina funzo lake. Kwenye jedwali ni 79.90, na wengi huapa kwamba atomu nyingi za bromini zina masi 80. Bromini ya asili haina isotopi ya 80. Ina ya 79 kwa asilimia 50.69 na ya 81 kwa asilimia 49.31, karibu nusu kwa nusu, na wastani umeangukia katikati ambako hakuna mtu. Igeze kwa pipi: weka ndogo 25 na kubwa 24, tafuta wastani, kisha itafute pipi ya wastani huo.

Kuna na upande wa pili. Fluorini, sodiamu na alumini kila moja ina isotopi moja tu ya asili iliyo imara. Mfuko wa fluorini una pipi za aina moja, na hapo wastani na masi ya atomu moja ni kitu kimoja: 18.998 u.

Zoezi la kugeuza: wastani unaujua, wingi hauujui

Hili hutokea sana kwenye mitihani, na pipi hulirahisisha. Chukua aina mbili tu, ndogo ya gramu 0.91 na kubwa ya gramu 2.43. Mtu akujazie mfuko wa pipi 50, aufunge na kukupa. Pima pipi bila kuzitazama, ukitoa masi ya mfuko. Tuseme ni gramu 68.3. Wastani ni 68.3 ÷ 50 = 1.366.

Sehemu ya ndogo iite x. Sehemu ya kubwa ni iliyobaki, yaani 1 − x. Basi:

0.91x + 2.43(1 − x) = 1.366
2.43 − 1.52x = 1.366
x = 1.064 ÷ 1.52 = 0.70

Ndogo ni 0.70 ya 50, yaani 35, na kubwa ni 15. Sasa fungua mfuko uhesabu. Ukikuta 35 na 15, umejua kilichomo ndani bila kuona. Kisha fanya shaba: isotopi za 62.93 na 64.93, wastani 63.55. Utapata shaba-63 ni karibu asilimia 69, na hivyo ndivyo ilivyo.

Kosa la kawaida hapa ni kuandika x na y kisha kukwama kwa kuwa zisizojulikana ni mbili na mlinganyo ni mmoja. Mlinganyo wa pili unao tayari: sehemu zote lazima zijumlike kuwa 1.

Pale kielelezo kinapoishia

Mwambie mwanafunzi mambo haya waziwazi, la sivyo ataondoka na dhana mpya potofu.

Pipi za aina moja hupishana kidogo. Ukizipima moja moja kwa mizani ya 0.01 utaona 0.88, 0.93, 0.90. Atomu za isotopi moja hazipishani hivyo. Tena, pipi yenye karanga ina ladha yake, ilhali isotopi za elementi moja zina tabia za kikemia zinazofanana karibu kabisa, kwa sababu protoni na elektroni ni zile zile. Na pipi kubwa haina "protoni nyingi zaidi". Tofauti yake na ndogo inawakilisha nyutroni tu. Ingekuwa protoni, isingekuwa Pipiamu tena.

Jambo la mwisho ni ukubwa wa tofauti. Pipi yetu nzito ina masi mara 2.7 ya nyepesi. Kwa elementi nyingi tofauti huwa ndogo mno, kama 35 kwa 37. Haidrojeni ndiyo inayokaribia mfuko wetu: haidrojeni-2 ina masi karibu mara mbili ya haidrojeni-1. Na bado wastani wake ni 1.008, kwa kuwa ile nzito ni haba sana. Ni swali zuri la kumwuliza mwanafunzi aliyemaliza mapema: mfuko wa namna hiyo ungekuwa na pipi kubwa ngapi?

Mambo yakikwama

*Jibu limekuja 118.9 badala ya 1.19.* Umezidisha kwa 60.42 badala ya 0.6042. Gawanya jibu kwa 100, au anza upya ukitumia desimali.

*Wastani ni mkubwa kuliko pipi nzito, au mdogo kuliko pipi nyepesi.* Haiwezekani. Wastani lazima uwe kati ya masi ya chini na ya juu. Tafuta kosa la kuzidisha, au angalia kama umejumlisha masi ya kundi badala ya masi ya pipi moja.

*Asilimia zinajumlika 97 au 104.* Umehesabu vibaya, au kuna aliyekula. Ikiwa ni 99.99 au 100.01, ni kukadiria tu, endelea.

*Njia mbili hazikutani.* Zikipishana kwenye desimali ya tatu au ya nne, si tatizo. Zikipishana kwenye desimali ya kwanza, mara nyingi kikombe kimepimwa pamoja na pipi katika mojawapo ya makundi. Jumlisha masi za makundi matatu uone kama zinalingana na masi ya pipi zote, lisilolingana litajitokeza.

*Mizani inasoma gramu nzima tu.* Bado unaweza. Ongeza pipi ili kila kundi liwe na gramu 40 au zaidi, na uridhike na jibu la desimali moja.

*Mizani inahamahama.* Izimie feni, iondoe kwenye meza inayotikisika, iweke mahali palipo sawa. Kama betri imekaa sana, ibadilishe.

*Pipi zinayeyuka na kushikana.* Chokoleti iliyoacha rangi mkononi imepoteza pia masi. Fanyia kazi kivulini, shika kwa kijiko, au hamia kwenye pipi ngumu.

*Wastani wetu unalingana na kisio letu la kugawanya kwa tatu.* Aina zako zimewekwa karibu sawa kwa sawa. Rudi hatua ya kwanza, punguza aina moja kwa nusu na nyingine kwa robo tatu.

*Kila kikundi kimepata wastani tofauti.* Kama tofauti ni ndogo, ni kawaida: mchoto wa pipi 48 hautafanana kabisa na mwingine. Jumlisheni pipi za darasa zima, mkokotoe wastani mmoja, na mtaona ule wa pamoja uko karibu zaidi na wa beseni lote. Kama kikundi kimoja kimeachana mbali na wengine, beseni halikukorogwa vizuri. Hata elementi halisi hupishana kidogo kulingana na mahali zilipotoka. Kwa lithiamu, IUPAC, taasisi ya kimataifa inayosimamia viwango vya kemia, haitoi namba moja bali masafa ya 6.938 hadi 6.997. Mwanafunzi akiuliza ni kikundi gani kilichopata "jibu sahihi", mwambie kila kikundi kipo sahihi kwa mfuko wake, kisha mpe karatasi apange wastani wa vikundi vyote kuanzia wa chini hadi wa juu, kama IUPAC ilivyofanya.